Kulenga Kunaanzia Kitandani: Mwongozo Kamili wa Tiba Mionzi ya Saratani ya Mlango wa Kizazi

Nchini Tanzania na Uganda, saratani inayoongoza kwa wanawake ni ya mlango wa kizazi, na wengi wao hufika hospitali ugonjwa ukiwa umekwisha kupita hatua ya kutibiwa kwa upasuaji. Tiba yao kuu ni mionzi. Kwa kawaida hupewa Gy 45 kutoka nje (Gy, yaani grei, ni kipimo cha dozi ya mionzi), zikigawanywa katika vipindi 25 vya Gy 1.8 kila kimoja, siku tano kwa wiki kwa wiki tano, pamoja na dawa ya saratani iitwayo sisplatini mara moja kwa wiki kwa mgonjwa ambaye figo zake zinaimudu, kisha mionzi ya ndani. Mwongozo huu unaifuata safari hiyo hatua kwa hatua. Umeandikwa kwa ajili ya wataalamu wa tiba mionzi, wanafizikia tiba na wauguzi, lakini mgonjwa na ndugu anayemuuguza nao wataelewa kwa nini wanaambiwa wafanye hili na lile.

Wapo wanaoamini kwamba kumstarehesha mgonjwa ni huruma tu, jambo zuri la kufanya siku ambayo foleni ni fupi. Mimi naona kinyume chake. Mgonjwa anayeumwa hujisogeza, anayejisogeza hupigwa picha mara mbili, na anayepigwa picha mara mbili huwachelewesha walio nyuma yake, ambao vibofu vyao vinaendelea kujaa wakiwa kwenye benchi. Kwa hiyo usahihi, kasi na utulivu wa mgonjwa havigombanii dakika zilezile. Kimoja kikiharibika, viwili vinavyobaki huharibika navyo.

Anza na maumivu

Kitanda cha mashine ni kigumu kwa makusudi, kwa sababu godoro laini hubonyea kivingine kila siku. Kabla ya kumpangia mgonjwa tarehe ya CT-Scan (picha za ndani ya mwili zinazotumika kupanga tiba), mlaze chali kwenye kitanda kigumu cha chumba cha uchunguzi kwa dakika 15 na umtazame. Akianza kukunja mguu au kuinua kiuno katika dakika ya tano, hayuko tayari, hata kama kwa adabu yake anakuambia, "Nitavumilia tu." Mpeleke kwanza kwa daktari apangiwe dawa. Kama anatumia mofini ya maji, anywe nusu saa hadi saa moja kabla ya kulala kitandani, siku ya CT-Scan na kila siku ya tiba.

Hatua hiihii ndiyo ya kupima damu, figo na virusi vya UKIMWI. Upungufu mkubwa wa damu hudhoofisha kazi ya mionzi, ndiyo maana vituo vingi hujitahidi himoglobini isishuke chini ya gramu 10 kwa desilita. Mgonjwa anayevuja damu nyingi ajazwe gozi (kitambaa cha shashi) ukeni na kuongezewa damu kwanza. Mwanamke anayeishi na virusi vya UKIMWI ana hatari ya kupata saratani hii takriban mara sita zaidi ya asiye navyo, kwa hiyo wagonjwa wa aina hiyo ni wengi, na wanapaswa kuendelea na dawa zao za kufubaza virusi bila kukatiza wakati wote wa tiba.

Kisha kuna hofu. Huku kwetu watu husema "kuchomwa mionzi", na neno hilo peke yake huufanya mwili wa mgonjwa ukakamae mara tu mlango mzito unapofungwa. Maelezo mafupi yanatosha, yakitolewa mapema na kwa heshima.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Mama, mashine hii haitakugusa, na hutasikia joto wala maumivu. Utasikia mlio tu. Utabaki chumbani peke yako dakika chache, lakini tunakuona kwenye runinga na tunakusikia. Ukitaka tusimamishe, inua mkono huu."

Mwambie pia kwamba mionzi ya nje haibaki mwilini. Ninapowauliza wagonjwa wanachoogopa, wengi hawataji kifo. Wanauliza kama wataruhusiwa kumbeba mjukuu. Wanaruhusiwa, leo na kila siku.

Siku ya CT-Scan: kosa la leo linarudiwa mara 25

Hii ndiyo siku ya kutumia muda bila ubahili. Mtaalamu akimlaza mgonjwa vibaya katika kipindi cha saba, kosa ni la kipindi hicho kimoja. Mgonjwa akilazwa vibaya siku ya CT-Scan, kosa linaingia kwenye mpango wa tiba na kurudiwa siku zote 25, likielekea upande uleule. Mwaka 2000 Marcel van Herk na wenzake wa Uholanzi waliliweka jambo hili katika kanuni ambayo wanafizikia tiba wanaitumia hadi leo kukadiria ukingo wa usalama unaozungushwa kwenye eneo la kutibiwa: zidisha makosa ya kudumu kwa 2.5, zidisha makosa ya kubahatisha kwa 0.7, kisha jumlisha. Yaani kosa la kudumu lina uzito zaidi ya mara tatu ya lile linalokuja na kuondoka.

Mlaze mgonjwa chali, mikono ikunjwe kifuani, mto wa magoti uwekwe chini ya magoti na kizuizi cha nyayo miguuni, kwa sababu vidole vya miguu vikielekea nje leo na ndani kesho, nyonga nazo huzunguka. Andika aina ya kila kifaa na tundu la kitanda kilipofungwa, kisha piga picha ya jinsi alivyolala. Vipande vya CT-Scan viwe vya milimita 3 au pungufu.

Niseme lililonipata mwenyewe. Katika kituo kimoja nilichofanya kazi, chumba cha CT-Scan kilikuwa na baridi kali, na mama mmoja alitetemeka hadi nikamwonea huruma. Nilimwachia khanga yake aliyokuwa ameikunja mara kadhaa na kuilalia kiunoni. Sikuandika popote. Siku ya kwanza ya tiba khanga haikuwapo, na picha ikaonyesha nyonga zimeshuka na kuinama, wala hatukujua sababu hadi mama mwenyewe alipouliza, "Na ile khanga yangu leo sitaihitaji?" Tulirudia CT-Scan. Huruma yangu haikuwa kosa. Kosa lilikuwa kutoiandika kwenye faili. Kama mgonjwa anahitaji kitu ili atulie, mpe, kiandike, na kiwepo kila siku.

Kibofu na utumbo

Mfuko wa uzazi umelalia kibofu cha mkojo. Kibofu kikijaa huusukuma juu na nyuma, kikiwa kitupu unaanguka mbele, na tofauti hiyo inaweza kufika sentimita kadhaa wakati mifupa ya nyonga haijasogea hata kidogo. Ndiyo sababu picha inayolinganisha mifupa peke yake inaweza kukuhakikishia kwamba kila kitu kipo sawa huku kiungo unachokilenga kimehama. Kibofu kilichojaa pia huusukuma utumbo mwembamba utoke kwenye njia ya mionzi, na faida yake mgonjwa ataiona wiki ya tatu kwa kutoharisha sana.

Utaratibu unaotumika sana ni huu: mgonjwa aende haja ndogo hadi amalize, anywe nusu lita ya maji ndani ya dakika kumi, asubiri kati ya dakika 30 na 45, kisha alale kitandani. Chupa ya maji ya dukani ya nusu lita ni kipimo kizuri kuliko "vikombe viwili", maana vikombe vya nyumbani havilingani. Mashine yako ikiruhusu, piga CT-Scan mbili, moja kibofu kikiwa kimejaa na nyingine kikiwa kitupu, ili mpango uzingatie umbali wote ambao mfuko wa uzazi unaweza kutembea.

Utaratibu huu huharibikia kwenye benchi. Kadi inasema saa nne, mgonjwa anakunywa saa tatu na nusu kama alivyoelekezwa, mashine inachelewa saa nzima, na hapo ama anajikojolea, ama anakwenda msalani kimyakimya na kulazwa kibofu kikiwa kitupu kwa kuwa anaona aibu kusema. Dawa yake ni kuhesabu muda wa kunywa kutokana na foleni halisi. Mtu mmoja, muuguzi au mtaalamu aliye zamu ya nje, awe na kazi ya kuangalia wamebaki wangapi mbele na kumwambia mgonjwa kwa sauti ya chini, "Mama, sasa kunywa." Katika mambo yote yaliyomo humu, hili ndilo la bei rahisi kuliko yote na ndilo linalopuuzwa zaidi.

Mwezi wa Ramadhani una neno lake la pekee katika vituo vya pwani. Dini imemruhusu mgonjwa kutofunga, lakini uamuzi ni wake, na wengi hawapendi kuacha. Zungumza naye kabla ya CT-Scan. Kama atafunga na hatakunywa, ni salama zaidi kupanga tiba yote kwa kibofu kitupu tangu mwanzo kuliko kupanga kwa kibofu kilichojaa na kutibu kwa kibofu kitupu. Kibofu kufanana kila siku ni muhimu kuliko kujaa kwake.

Kwa upande wa puru, CT-Scan ikionyesha imejaa choo au gesi na kutanuka zaidi ya sentimita 4, mshushe mgonjwa, aende haja kubwa, mrudie. Utapoteza nusu saa leo badala ya kujenga mpango juu ya puru iliyovimba ambayo hutaiona tena.

Alama kwenye ngozi nyeusi

Vitabu vingi vinaelekeza kuchora vidoti vitatu vya tatuu kwa wino mweusi, kimoja mbele na viwili ubavuni. Kwenye ngozi nyeusi, ndani ya chumba kilichopunguzwa taa ili leza (mistari ya mwanga ya kumpangia mgonjwa) ionekane, kidoti hicho hufanana na kipele au baka, na mtaalamu mwenye haraka anaweza kupanga leza kwenye baka. Ongeza msalaba wa kalamu ya rangi nyeupe au ya fedha juu yake, ufunike kwa plasta angavu, na uandike umbali wa kila alama kutoka kitovuni. Mwombe mgonjwa asiusugue anapooga na asipake mafuta juu yake. Leza ya kijani husaidia pia, kwa kuwa jicho huihisi rangi hiyo kwa urahisi kuliko nyekundu.

Mpango wa tiba na jicho la pili

Baada ya daktari kuchora maeneo na mwanafizikia tiba kupanga miale, hesabu za kompyuta zihakikiwe kwa njia nyingine isiyotegemea kompyuta ileile, hata ikiwa ni kwa mkono na kalkuleta. Kuna sababu ya kulisema hili kwa mkazo. Nchini Panama, kati ya mwaka 2000 na 2001, wagonjwa 28 waliotibiwa saratani za eneo la nyonga walizidishiwa dozi kwa sababu vizuizi vya madini ya risasi, vya kukinga viungo visipigwe mionzi, viliingizwa kwenye programu kwa namna ambayo programu haikuitarajia. Haikutoa onyo lolote. Ilikokotoa muda wa tiba uliokaribia maradufu ya ule uliotakiwa, na baadhi ya wagonjwa walifariki kutokana na madhara ya dozi hiyo. Hesabu ya mkono ya dakika kumi ingelinasa kosa hilo siku ya kwanza.

Kwenye mashine ya kobalti-60 kuna jambo la ziada. Kobalti hupoteza nusu ya nguvu yake kila baada ya miaka 5.27, yaani takriban asilimia 1 kila mwezi, kwa hiyo muda wa tiba lazima usahihishwe kila mwezi bila kukosa. Chanzo kikizeeka, kipindi cha dakika mbili hugeuka dakika nne, na huyo ni mgonjwa yuleyule mwenye maumivu juu ya ubao uleule. Umbali nao hauna msamaha: tiba ikipangwa kwa sentimita 80 kutoka chanzo hadi kwenye ngozi, kumsogeza mgonjwa sentimita moja karibu zaidi huongeza dozi kwa takriban asilimia 2.5. Pima kwa kijiti au kwa kipimio cha mwanga, usikadirie kwa macho.

Kila asubuhi kabla ya mgonjwa wa kwanza, pima dozi inayotoka, hata kwenye LINAC (mashine inayozalisha mionzi kwa umeme, bila kobalti) mpya kabisa. Ikitofautiana kwa zaidi ya asilimia 3, tiba isianze hadi mwanafizikia tiba aitazame. Kagua leza, kipimio cha umbali, swichi ya mlango na kitufe cha dharura. Kituo ambacho hakijashiriki ukaguzi wa dozi kwa posta unaoendeshwa na Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki pamoja na Shirika la Afya Duniani kijiandikishe. Mpango huo upo tangu 1969, na hufichua makosa ambayo kituo hakiwezi kuyaona kwa vifaa vyake chenyewe.

Ndani ya chumba, kila siku

Usimuulize mgonjwa, "Wewe ndiye mama fulani?" Wagonjwa wetu, kwa uchovu au kwa adabu, huitikia jina lolote. Muulize, "Mama, jina lako kamili nani? Umezaliwa mwaka gani?" kisha linganisha na picha iliyo kwenye faili. Muulize pia maswali mawili ya siku: amekunywa saa ngapi, na usiku ameharisha mara ngapi.

Akishalala, mwache avute pumzi mara mbili tatu kabla hujamgusa. Mwambie, "Legeza makalio mama, shusha pumzi." Utaona misuli ikilegea na alama ikishuka milimita kadhaa, ungepanga leza kabla ya hapo, ungempanga mtu mwingine. Simameni wawili, mmoja kila upande, na msogeze mwili mzima kwa kuvuta shuka iliyo chini yake. Kamwe usivute ngozi ili alama ifike kwenye leza. Ngozi itakubali, utaiona alama ipo palepale inapotakiwa, na mfupa utabaki ulipokuwa. Mfunike sehemu zote zisizohitaji kuonekana kabla ya kutoka. Mwanamke anayejiona yupo uchi hujikunja bila kujua.

Kituo chenye uwezo wa kupiga picha za CT kwenye mashine kila siku kifanye hivyo, na kitazame kibofu na puru, si mifupa peke yake. Kisicho na uwezo huo kinaweza kutumia utaratibu wa vipindi vitatu vya mwanzo. Tuseme picha za siku tatu zinaonyesha mgonjwa amekwenda kulia milimita 6, 4 na 5. Wastani ni 5, na hilo ndilo kosa la kudumu. Sahihisha milimita 5 kuanzia kipindi cha nne, kisha piga picha mara moja kwa wiki. Usifukuzie tofauti ya kila siku kwa picha ya siku moja, kwani utakuwa unasahihisha bahati.

Umeme ukikatika katikati ya kipindi, jambo la kwanza baada ya kuhakikisha mgonjwa ni salama ni kuandika kiasi cha dozi kilichokwisha kutoka, kabla betri ya kompyuta haijaisha. Kipindi kimalizwe kwa kiasi kilichobaki, na mgonjwa apangwe upya kama ameshashuka kitandani.

Siku zisipotee

Tiba yote, ya nje na ya ndani, inatakiwa kukamilika ndani ya siku 56. Zikipita, uwezekano wa kuudhibiti uvimbe hupungua kila siku inayoongezeka, kwa kuwa seli zilizobaki huanza kuzaliana kwa kasi. Kwa mama aliyetoka Kigoma kuja Dar es Salaam, kinachokatiza tiba mara nyingi si ugonjwa. Ni nauli, mahali pa kulala, msiba nyumbani, mashine mbovu na sikukuu. Kabla ya kipindi cha kwanza, ofisa ustawi wa jamii awe amejua mgonjwa atalala wapi kwa wiki saba na nani ana namba yake ya simu, ili asipotokea leo apigiwe leo hiihii.

Siku iliyopotea ifidiwe kwa Jumamosi, au kwa vipindi viwili katika siku moja vikitenganishwa kwa saa 6 au zaidi ili tishu zenye afya zipate kujirekebisha. Mashine ikiharibika na nafasi zikawa chache, wenye saratani hii watangulie walio na mionzi ya kupunguza maumivu ya mifupa, ambao wengi wao hutoshelezwa na kipindi kimoja tu cha Gy 8.

Kuanzia wiki ya pili au ya tatu tarajia kuharisha na mkojo unaowasha. Apewe dawa ya kuzuia kuharisha mapema, maji ya chumvi na sukari, na apunguze maharage na mboga zenye nyuzinyuzi nyingi hadi atulie. Ngozi ya kinena ioshwe kwa maji na sabuni isiyo kali, ikaushwe kwa kugusagusa, na avae dera pana na chupi ya pamba.

Mionzi ya ndani

Usisubiri mionzi ya nje iishe ndipo uanze kutafuta nafasi. Uvimbe ukishapungua, kuanzia wiki ya nne au ya tano, tarehe ziwe zimekwisha kupangwa. Ratiba moja inayotumika ni Gy 7 mara nne. Hakuna hatua yenye maumivu kuliko hii, kwa kuwa vyuma hupitishwa ukeni hadi ndani ya mfuko wa uzazi, na kuifanya kwa panadoli ni kumkosea mgonjwa. Apewe dawa ya usingizi mwepesi au ganzi ya uti wa mgongo. Gozi lijazwe ukeni kwa uangalifu, kwani ndilo linaloisukuma puru na kibofu mbali na chanzo cha mionzi kinachopita ndani ya vyuma, huku likishika vyuma visicheze. Tangu vyuma vinapowekwa hadi dozi itakapotoka, mgonjwa asihamishwe kitanda kama inawezekana. Kila anaponyanyuliwa, vyuma husogea na picha iliyopigwa haimhusu tena.

Chanzo cha iridi-192 hupoteza nusu ya nguvu yake kwa takriban siku 74, kwa hiyo hubadilishwa kila miezi mitatu au minne, na shehena ikichelewa bandarini au uwanja wa ndege vipindi hurefuka. Kituo kilicho mbali na wasafirishaji kifikirie chanzo kidogo cha kobalti-60, kinachodumu kwa miaka.

Siku ya kumaliza, mpe mgonjwa vitu vitatu mkononi: tarehe ya kurudi baada ya wiki sita, namba ya simu ya kliniki, na kifaa cha kutanua uke pamoja na maelezo ya kuanza kukitumia mara ngozi ya ndani itakapopona, mara kadhaa kwa wiki, ili uke usigande na daktari aweze kumpima miaka inayofuata. Maelezo hayo yatolewe na muuguzi wa kike, mlango ukiwa umefungwa, na kama mgonjwa anakubali, mumewe awepo.